Nyumba moja, bima mbili: uzoefu wangu na MassHealth na ConnectorCare

Tuliingia Massachusetts, Marekani, Agosti 2022, mimi, mke wangu na kijana wetu wa miaka sita, kwa grini kadi ya bahati nasibu. Siku moja, ndege moja, mihuri ya aina moja. Ilipofika Machi mwaka uliofuata, mama na mtoto walikuwa na kadi za MassHealth, yaani Medicaid ya jimbo hili, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Mimi, ninayebeba boksi ili wao wale, nilikuwa na karatasi inayoniruhusu kutibiwa dharura tu. Wanaokuja nyuma yetu wananiuliza kila mara ilikuwaje, basi bora niandike mara moja.

Nianze na kosa langu. Fomu ya maombi ni moja kwa familia nzima, na mfumo wenyewe ndio unaopanga nani aende wapi. Majibu yalikuja kwenye barua nene. Nikasoma ukurasa wa kwanza, nikaona jina langu na neno "Limited", nikaikunja nikaitupia kabatini. Nilielewa hivi: ukigongwa na gari tutakutibu, presha utajiju. Kumbe kurasa za ndani zilisema nina haki ya ConnectorCare pia, yaani bima ya kampuni binafsi iliyoshushwa bei kwa ruzuku ya serikali, ila natakiwa kuchagua mpango mwenyewe. Usipochagua huna bima, hata kama barua imeandika unastahili. Nilikaa hivyo miezi minne.

Aliyenishtua ni nesi kazini, kwenye nyumba ya wazee. Alikuwa amemaliza kumpima bibi mmoja presha, akanifunga kile kitambaa mkononi kwa utani tu. 178 kwa 112. Utani ukaishia hapo, akaniambia nikae chini.

Kesho yake nikaenda kituo cha afya cha jamii mtaani kwetu. Vituo hivi vina watu ambao kazi yao ni kukusaidia na fomu za bima, na hawakutozi kitu. Dada niliyemkuta akaomba ile barua, akafungua ukurasa wa tatu, akaweka kidole. Tukachagua mpango pale pale. Ukimaliza mambo yako kufikia tarehe 23, bima inaanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Kwa kipato changu cha wakati ule, mpango wa bei ya chini kabisa ulikuwa dola sifuri kwa mwezi. Nilimuuliza mara mbili kama amesema sifuri.

Sasa kwa nini mke wangu apate MassHealth nami nisipate? Sheria ya mwaka 1996, iliyosainiwa na Rais Clinton, inamtaka mtu mzima mwenye grini kadi asubiri miaka mitano kabla ya kuingia Medicaid ya serikali kuu. Mwaka 2009 majimbo yaliruhusiwa kuwaondolea watoto na wajawazito subira hiyo, na Massachusetts ikawaondolea. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi mitatu. Wakimbizi nao hawakuwekewa subira hiyo, ndiyo maana jirani yangu Mkongo, aliyefika baada yetu, alipata kadi mapema akabaki kunihurumia.

Wazee wa hapa wanakumbuka mabaya zaidi. Mwaka 2009 jimbo lilipoishiwa fedha liliwatoa wahamiaji halali wapatao 30,000 kwenye mpango uliotangulia ConnectorCare, Commonwealth Care, likawapa bima ndogo ya kuvukia. Walikwenda mahakamani. Januari 2012 mahakama ya juu ya jimbo ikasema kuwabagua hivyo ni kinyume cha katiba ya Massachusetts, wakarudishwa. Basi hiyo dola sifuri yangu kuna watu waliipigania.

Huduma yenyewe? Kwa presha, sina neno. Dawa ya kwanza nililipa dola 1. Daktari alitumia mkalimani wa simu, bure, Mkongo mwenye Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa. Akaniambia nipeleke "ordonansi" duka la dawa. Nikafikiri ni amri ya jeshi. Kumbe ni cheti cha dawa. Tulicheka watatu, daktari akicheka bila kujua kwa nini.

Nilipojikwaa ni kwenye kuchagua kwa kuangalia bei peke yake. Hospitali iliyo karibu nasi haikuwa kwenye orodha ya mpango wangu, nikawa napanda basi dakika arobaini kwenda kipimo cha moyo. Anza na jina la hospitali unayotaka, kisha ndiyo uangalie bei. Na jino la mtu mzima halimo kwenye mpango huu. Nilitafunia upande mmoja majira ya baridi yote.

Kwenye kundi letu la WhatsApp kulikuwa na mzee aliyetuonya kwamba ukichukua bima ya serikali utaitwa mzigo kwa serikali na uraia utaukosa. Hakuwa anabuni kutoka hewani: kanuni ya 2019 kweli ilihesabu kutumia Medicaid kuwa dalili ya mzigo kwa wanaoomba grini kadi, ikafutwa Machi 2021. Sisi tulikuwa tumeshaingia na grini kadi zetu. Lakini ninamjua mtu aliyekaa na kisukari bila dawa kwa hofu hiyo. Muulize mwanasheria, usiulize kundi.

Kuhusu 2026, hapa nyota nne ambazo ningeipa ConnectorCare zinashuka mpaka mbili, na si kwa kosa la jimbo. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 imefuta, kuanzia Januari 1, 2026, ruzuku ya bima ya serikali kuu kwa wahamiaji halali walio chini ya mstari wa umaskini (kiwango cha kipato kinachowekwa na serikali kuu) ambao Medicaid imewakataa kwa sababu ya hadhi yao ya uhamiaji. Yaani mimi yule wa 2023. Aliye juu kidogo ya mstari na ana grini kadi anabaki na ruzuku. Aliye chini yake ndiye anayeikosa. Sheria hiyo hiyo, kuanzia Oktoba 1, 2026, inawaondoa kwenye Medicaid ya serikali kuu wakimbizi ambao hawajapata grini kadi. Jirani yangu ya kwake ilitoka mwaka jana, amepona.

Mstari huo kwa watu wanne, maana binti yetu alizaliwa hapa, kwa ruzuku ya 2026 ni dola 32,150 kwa mwaka. Miaka yangu mitano inatimia Agosti 2027. Mwaka mmoja wa MassHealth anaoachiwa mama baada ya kujifungua umekwisha kwa mke wangu, amehamia ConnectorCare pamoja nami, watoto wamebaki MassHealth. Kwa hiyo, ili tusishuke chini ya mstari, nimechukua shifti za Jumapili, na kwenye friji nimebandika karatasi ninayojumlishia saa zangu kila wiki.