Junior Wells katika "Hoodoo Man Blues": santuri ya kusikilizwa usiku

Nilinunua santuri hii katika kibanda kimoja cha Soko la Kenyatta, mahali ambapo watu wengi huenda kula nyama choma au kusukwa nywele, na ambapo moshi wa mkaa humfuata mteja hadi kwenye majalada anayoyapekua. Nililipa shilingi 4,500, bei ambayo mke wangu aliiuliza mara mbili ili kuhakikisha kwamba amesikia vizuri. Sikuwa mgeni wa nyimbo hizi, kwa kuwa kwa miaka kadhaa nilikuwa nimezisikiliza kwa simu nikiwa ndani ya matatu, na kila mara nilizimaliza nikijiuliza kwa nini wapenzi wa bluzi, muziki ule wa Wamarekani Weusi, wanamsifu hivyo mpiga harmonika, ala ndogo ya kupigwa kwa mdomo, ambaye, kwa masikio yangu ya wakati ule, hakuwa akiipiga harmonika yenyewe kwa wingi. Nilipoiweka santuri kwenye mashine usiku, watoto wamelala na jenereta ya jirani imezimwa, ndipo nilipong'amua kwamba kile nilichokidhania kuwa upungufu ndicho alichokuwa anakiuza.

Junior Wells, ambaye jina lake kamili lilikuwa Amos Wells Blakemore, alizaliwa mwaka 1934, akakulia pande za Memphis na Arkansas kabla ya kuhamia Chicago, na akafariki dunia mwaka 1998. Mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba, akiwa kijana, aliona harmonika ya dola 2 dukani akiwa na dola 1 na senti 50 tu, akaziacha pesa hizo mezani na kuondoka nayo. Alipofikishwa kortini, hakimu alimwamuru aipige, na baada ya kumsikiliza akatoa mfukoni mwake zile senti 50 zilizopungua. Kisa hiki kina ladha ya hadithi iliyosimuliwa mara nyingi mpaka ikanoleka, nami sina ugomvi nacho, kwa sababu kinamwonyesha mtu aliyejua tangu mapema kwamba msikilizaji hushindwa kwa muda mfupi au hashindwi kabisa.

Mwaka 1952 Little Walter, mpiga harmonika wa bendi ya Muddy Waters, mwimbaji mashuhuri wa bluzi wa Chicago, alitoa wimbo wake wa ala tupu uitwao "Juke", ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya nyimbo za Wamarekani Weusi, naye akaihama bendi ili ajitegemee. Wells, ambaye hakuwa amefikisha hata miaka 18, ndiye aliyeitwa kuziba pengo, huku Little Walter akiichukua bendi ya Aces, kina ndugu Louis na David Myers pamoja na mpiga ngoma Fred Below, ambao mpaka hapo walikuwa wakipiga na Wells. Walibadilishana viti, kwa maneno mengine, na tangu siku hiyo kila mtu aliyeandika habari za Wells amemlinganisha na Little Walter. Ulinganisho huo si wa haki. Little Walter aliishika harmonika na kipaza sauti pamoja ndani ya viganja, akavipitisha katika amplifaya iliyokoroma, na ala ndogo ya kutia mfukoni ikatoa sauti nene inayokaribia ile ya saksafoni. Wells aliijua njia hiyo na aliweza kuipita, lakini katika santuri hii aliamua kuwa mwimbaji kwanza, na harmonika akaifanya koo lake la pili.

Msomaji ambaye hajawahi kuishika ala hii huenda akanufaika na maelezo machache. Harmonika ya bluzi ina matundu 10, na ndani yake mna vipande vyembamba vya chuma vinavyotetemeka pumzi inapopita, ufundi uleule uliomo ndani ya kodiani ambayo wazee wetu wa Murang'a na Nyeri waliichezea mwomboko kuanzia miaka ya 1940, huku mwenzao akigonga karing'aring'a. Tofauti ni kwamba mpiga kodiani husukuma hewa kwa mikono, ilhali mpiga harmonika hutumia mapafu yake mwenyewe. Wapiga bluzi waligundua pia kwamba harmonika ya ufunguo wa A ikipigiwa wimbo ulio katika ufunguo wa E, noti muhimu huangukia upande wa kuvuta pumzi, na noti inayovutwa inaweza kupindwa na kushushwa kwa ulimi na koo mpaka iwe kama mtu anayelalamika. Kwa hiyo, unapomsikia Wells akiiteremsha noti, ujue kwamba anavuta hewa kuingia ndani, kama mwenye kwikwi ya kilio, na kwamba hawezi kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Ni lazima achague, na namna anavyochagua ndiyo utamu wa kazi hii.

Rekodi ilifanyika Chicago tarehe 22 na 23 Septemba 1965, chini ya Bob Koester wa kampuni ya Delmark. Wakati huo bluzi ya mjini ilikuwa ikitolewa zaidi kwenye santuri ndogo za wimbo mmoja kila upande, nyimbo za dakika tatu zilizopimwa kwa ajili ya redio na mashine za muziki za baa. Wakenya tunaifahamu kamba hiyo, maana wanabenga waliorekodi River Road, Nairobi, walilazimika kuukata wimbo katikati na kuuita sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na mara nyingi utamu wa gitaa ulikuwa ndio kwanza unaanza upande wa kwanza ulipokwisha. Koester alimwachia Wells uhuru wa kuchagua nyimbo, wapigaji na urefu, akataka studio ipate kitu kinachofanana na usiku wa kawaida katika kilabu cha upande wa kusini wa mji. Wapigaji ni wanne tu: Wells, Jack Myers kwenye besi, Billy Warren kwenye ngoma, na mpiga gitaa aliyetajwa kwenye jalada la kwanza kama "Friendly Chap", yaani jamaa mwema, kwa sababu ilidhaniwa kwamba mkataba wake na kampuni nyingine ulimzuia kutumia jina lake. Jamaa huyo alikuwa Buddy Guy.

Sijui kama kuna gitaa la bluzi lililojizuia kuliko hili. Buddy Guy ambaye dunia ilikuja kumjua baadaye ni mtu wa kupaza na kuzidisha, lakini hapa anapiga kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni, akijibu sentensi ya mwimbaji kwa noti mbili au tatu na kunyamaza tena. Katika "Ships on the Ocean", wimbo wa mwendo wa pole, kuna nafasi pana sana kati ya neno na jibu la gitaa, na ndani ya nafasi hiyo besi ya Myers inatembea peke yake kama askari wa usiku. Simu haikuwahi kunionyesha besi hiyo. "In the Wee Wee Hours" nayo inaenda kwa utulivu uleule, na Wells anashusha sauti mpaka inakaribia kunong'ona, kisha anaipandisha ghafla kwa neno moja, kama mtu aliyekumbuka deni. Ukisikiliza katika kelele, neno hilo moja ndilo utakalolisikia, na utadhani kwamba mwimbaji anapiga kelele ovyo.

Wimbo unaofungua upande wa kwanza, "Snatch It Back and Hold It", ni wa aina nyingine kabisa. Mdundo wake umekatwa vipande vifupi kwa namna ambayo James Brown alikuwa akiieneza mwaka uleule, na unathibitisha kwamba Wells hakuwa mtunza makumbusho. Wimbo unaofungua upande wa pili, ambao umeipa santuri jina lake, ndio ulionifanya niinunue. Hudu ni uganga wa Wamarekani Weusi wa kusini, wenye mizizi, hirizi na vifurushi vyake, na kiini cha wimbo ni kwamba mganga mwenyewe amerogwa. Waswahili walikwisha kusema kwamba mganga hajigangi, kwa hiyo msikilizaji wa Nairobi hahitaji kufafanuliwa uchungu wa mtu anayewatibu wengine huku mwenyewe akiteketea. Wells alikuwa ameurekodi wimbo huu katika miaka ya mwanzo ya 1950, na asili yake inarudi nyuma hadi kwa John Lee Williamson, yule Sonny Boy wa kwanza. Siku ya kuurekodi upya amplifaya ya Guy iliharibika, na wakati ikitengenezwa gitaa liliunganishwa na spika ya organi ya Hammond, ile iitwayo Leslie, ambayo ndani yake kuna sehemu zinazozunguka. Matokeo yake ni gitaa linalotikisika kama taa ya chemli kwenye upepo. Hitilafu ile iliupa wimbo wa uchawi sauti ambayo fundi asingefikiria kuitafuta.

Si kila kitu kimenikaa vizuri. "Hound Dog" inapita bila kuniachia chochote, na ningependa nafasi yake ingepewa wimbo mwingine wa pole. "Chitlin con Carne", uliotungwa na mpiga gitaa wa jazi Kenny Burrell, unaonyesha kwamba Wells alisikiliza mengi nje ya bluzi, lakini unasimama karibu na mwisho wa upande wa pili kama mgeni aliyekosea mlango, ingawa nakiri kwamba binti yangu anaupenda kuliko zote. Nakala yangu, licha ya bei yake, ina mkwaruzo unaoruka mara mbili katika "Early in the Morning", na muuzaji aliniapia kwamba aliijaribu kabla ya kuniuzia. Anayenunua santuri sokoni aombe ichezwe pande zote mbili mbele yake, hata kama foleni nyuma yake inanung'unika. Nyimbo zote 12 huchukua kama dakika 40 tu, kwa hiyo si ombi kubwa sana.

Baada ya hapo nimejaribu rekodi zake nyingine kwa njia ya intaneti. Zile za 1953 na 1954 alizozifanya kwa kampuni ya States, ambazo Delmark ilizikusanya baadaye chini ya jina "Blues Hit Big Town", zina kijana mwenye haraka na harmonika kali, na anayetaka kuisikia ala kwa wingi aanzie huko. "Messin' with the Kid" ya 1960 ni wimbo wake unaojulikana zaidi, mzuri kwa sherehe, mfupi kama mzaha. "South Side Blues Jam", iliyotoka mwaka 1970, ndiyo inayoikaribia santuri hii kwa thamani, kwa sababu Buddy Guy yumo tena na piano imeshikwa na Otis Spann miezi michache kabla ya kifo chake. Wapigaji wanaongea na kuteta kati ya nyimbo, na wakati mwingine mazungumzo yao yanazidi muziki. Ile ya 1972 aliyoitoa pamoja na Guy kwa kampuni ya Atco, ambayo mpiga gitaa Mwingereza Eric Clapton alishiriki kuisimamia, imejaa watu wengi mno kwa ladha yangu, na Wells amezingirwa. Ya 1996, "Come On in This House", inamweka mzee kati ya magitaa yasiyo ya umeme, na sauti yake iliyochakaa inapendeza kuliko nilivyotarajia.

Kwa anayetaka kununua moja tu, nashauri ile ya 1965, na kama hana mashine ya santuri atafute toleo la sidii, ambalo lina majaribio mengine mawili ya nyimbo zilezile. Nilisikia jaribio la pili la wimbo wa mganga kwa rafiki yangu wa South B. Gitaa halitikisiki kwa namna ileile, na tuliurudisha wimbo wa kwanza kabla jaribio hilo halijafika nusu.