Uvimbe wa simbilisi wetu: huduma niliyopata kwa daktari wa mifugo Arusha

Daktari huyu nimemkubali, na sababu kubwa ni moja: hakushika kisu wala dawa kabla ya kujua kilichomo ndani ya uvimbe.

Karanga ni simbilisi jike, mtu mzima. Uvimbe ulimtoka chini ya taya, ukakua hadi ukafikia ukubwa wa ndimu, akaanza kutafuna kwa shida. Huku kwetu Sakina wengi hufuga simbilisi kwa kitoweo, kwa hiyo ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa ni kumchinja kabla hajakonda. Binti yangu hakutaka hata kulisikia hilo, na mimi nilikuwa upande wake.

Kwenye duka la dawa za mifugo nilitolewa chupa ya penisilini iliyochanganywa na streptomaisini, ile ya ng'ombe na mbuzi. "Mchome kidogo tu dada, litakauka." Nikaiacha pale, nikataka kwanza aonwe. Daktari aliposikia habari hiyo alishtuka. Penisilini na jamii yake, amoksilini na ampisilini, huua bakteria wazuri wa tumboni mwa simbilisi. Wale wabaya wa kundi la Clostridium wanapata nafasi, wanatoa sumu, mnyama anaharisha na anaweza kufa ndani ya siku chache. Mwenye simbilisi yeyote naomba alishike hili kuliko yote niliyoandika hapa.

Alimpima uzito kwenye mzani mdogo, akamkagua meno, akapapasa mwili mzima kutafuta uvimbe mwingine, kisha akavuta kwa sindano. Ilibidi achukue sindano nene, maana usaha wa simbilisi ni mzito mno. Ulitoka mweupe. Lilikuwa jipu la tezi za shingoni. Alinieleza kwamba mara nyingi linaletwa na bakteria aitwaye Streptococcus zooepidemicus: bua kali likichoma ndani ya mdomo, bakteria anapita kwenye kidonda hadi kwenye tezi. Kama tungekuwa na simbilisi wengine, angetaka tumtenge.

Uamuzi ndio ulionitesa. Njia ya kwanza ilikuwa kumlaza kwa dawa ya usingizi na kutoa kifuko chote cha jipu, ambapo uwezekano wa kurudi ni mdogo. Lakini usingizi huo ni hatari kwa mnyama mdogo hivi. Utafiti mkubwa wa Uingereza ulikuta karibu simbilisi 4 kati ya 100 wanaolazwa hufa, wakati kwa mbwa hafi hata 1 kati ya 500. Njia ya pili ilikuwa ganzi ya pale pale na dawa kidogo ya kumtuliza, kupasua, kuosha, na kuacha kidonda wazi kipone kuanzia ndani. Hii jipu linaweza kurudi, na daktari hakunificha. Nilimuuliza angekuwa wake angefanyaje. "Ningepasua tu, mama. Ameshapungua, na hapo shingoni pana mishipa mikubwa ya damu." Tukapasua.

Hakutaka Karanga akae na njaa kabla ya kazi. Simbilisi hatapiki, na utumbo wake ukisimama hilo nalo ni tatizo kubwa.

Nyumbani kazi ilikuwa yetu. Binti alimshika kwenye khanga, mimi naosha kidonda kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa, asubuhi na jioni. Tulipewa enrofloksasini ya kunywa, dawa ya kuua bakteria isiyo ya jamii ya penisilini, na meloksikam ya maumivu. Chakula tulimsagia, tukamlisha kwa bomba lisilo na sindano mpaka alipoanza kuvuta majani mwenyewe. Hoho hazikukosekana, kwa sababu mwili wa simbilisi hautengenezi vitamini C, na bila hiyo kidonda hakifungi vizuri.

Lisilonipendeza ni kungojea pamoja na mbwa wanaobweka. Karanga alitetemeka muda wote. Pigeni simu mapema muombe kuingia moja kwa moja. Gharama yote ilizidi mara kadhaa bei ya simbilisi mzima sokoni, na ningelipa tena.

Kidonda kimefunga, anakula, na anapiga kelele akisikia mfuko wa majani. Kimebaki kinundu kidogo kigumu ambacho daktari anataka kukiona tena. Kikikua, tumekubaliana safari hiyo atoe kifuko chote, sasa kwa kuwa Karanga amerudisha uzito.