Uzoefu wangu: chumba cha omo, chumba cha katikati, na bahari iliyonilevya

Safari yangu ya kwanza ya meli ya kitalii niliichagua kwa macho, na tumbo ndilo lililolipa. Ramani ya meli ilionyesha vyumba vyenye roshani huko juu, sitaha ya 11, karibu kabisa na omo, yaani mbele kabisa ya meli, pamoja na picha ya mtu ameketi na kikombe mkononi, bahari yote imetandazwa mbele yake. Wakala aliyetuuzia tiketi alisema vyumba hivyo ndivyo vinavyokwisha kwanza. Mimi na dada yangu tukaongeza pesa, tukapata. Hakuna aliyetuambia, wala sisi hatukuuliza, kwamba ukitafuta mahali panapopanda na kushuka zaidi melini, ni pale pale.

Ilikuwa safari ya usiku saba, kutoka kusini mwa Uingereza kwenda Hispania na Ureno. Njia hiyo lazima ikatishe Ghuba ya Biscay, na ghuba hiyo mabaharia wanaijua. Mawimbi ya Atlantiki huja kutoka mbali bila kizuizi, kisha sakafu ya bahari iliyokuwa na kina cha zaidi ya mita 4,000 inapanda ghafla hadi chini ya mita 200, na mawimbi yanainuka juu. Ukipita siku ya shwari utajiuliza watu wanaogopa nini. Sisi hatukupita siku ya shwari.

Nahodha alitangaza kwenye spika mchana wa siku ya pili: upepo unatarajiwa kufika 8 kwenye kipimo cha Beaufort, mawimbi ya mita nne mpaka tano, tafadhali shikeni reli mnapotembea. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma ratiba ya mabasi. Ila tangazo la kweli lilikuwa limeshatolewa saa nzima kabla yake, kimyakimya. Wahudumu walipita wakichomeka mifuko ya karatasi kwenye reli za ngazi na kando ya lifti, na huko juu bwawa la kuogelea lilikuwa linatolewa maji. Niliiona ile mifuko nikamtania dada yangu kwamba wanatugawia bahasha. Laiti ningejua, huo ndio ulikuwa wakati wa kumeza dawa.

Kiswahili tunasema mambo yamekwenda mrama, na wengi wetu tumesahau kwamba mrama ni neno la chombo: ule mwendo wa kuyumba baharini. Usiku ule nililikumbuka. Meli ina namna kadhaa za kuyumba, na tatu ndizo zinazomhusu abiria. Kuna kulala ubavu huu na kurudi ubavu ule. Kuna omo kupanda huku tezi, yaani nyuma ya meli, inashuka, kisha kubadilishana. Halafu kuna meli nzima kunyanyuliwa na kuachiwa. Kampuni za meli hupenda kutaja mapezi ya kutuliza chombo, na ni kweli yapo: yanatoka pande zote mbili chini ya maji kama mabawa ya ndege, yanaongozwa na mtambo unaohisi mwinamo, na yanasaidia sana meli inapolala ubavuni. Kwa omo inayopanda na kushuka hayana msaada wa maana. Nasi upepo ulitoka kusini-magharibi, tukaenda nao karibu uso kwa uso.

Saa nne usiku hivi viangio vya nguo vilianza kugongana kabatini. Tak, kimya, tak. Pazia la roshani liliachana na dirisha, likaning'inia hewani kama limesahau njia ya chini, kisha likarudi taratibu. Nikiwa kitandani nilikuwa mwepesi, mgongo ukitaka kuachana na godoro, halafu ghafla mzito kana kwamba kuna mtu amenikalia kifuani. Nikaanza kuhesabu: tano, sita, tena. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mwendo wa kupanda na kushuka unaozunguka mara moja kila sekunde tano hivi ndio unaolichokoza tumbo kuliko mwingine wowote. Mtikiso wa haraka haraka, kama wa gari kwenye barabara mbovu, hauna kichefuchefu kama hicho.

Sababu yenyewe iko sikioni. Ndani kabisa ya sikio kuna mifereji midogo yenye majimaji, pamoja na vijiwe vidogo kando yake, vinavyoujulisha ubongo kwamba mwili unasogea. Chumbani, macho yanaona ukuta umetulia, kabati limetulia, dada amelala. Sikio linasema tunaruka. Ubongo unapokea taarifa mbili zisizopatana, na kinachotolewa kafara ni chakula cha jioni. Mimi niliongeza kosa kwa kuchukua simu nisome jinsi ya kuzuia kutapika. Sentensi mbili tu, mate yakajaa mdomoni, jasho baridi kwenye midomo, na safari ya kwenda bafuni ikawa ya kupanda mlima, kisha ya kuteremka, katika hatua nne.

Dada yangu, niseme tu, hakusikia chochote. Baba mmoja, mama mmoja. Asubuhi alirudi kutoka kwenye mkahawa akanieleza meza zilivyokuwa tupu na jinsi alivyojichagulia kiti cha dirishani. Alipoanza kutaja mayai nilimwomba anyamaze.

Sasa dawa, maana nimejaribu karibu kila kitu.

Bangili za mpira zenye kifundo kinachobonyeza mkono wa ndani, upana wa vidole vitatu kutoka pale kiganja kinapoungana na mkono, nilizivaa tangu bandarini. Nilitapika nimezivaa. Wapo wanaoziapia, na kwa kuwa hazimdhuru mtu sina ugomvi nao, lakini kama una pesa ya kitu kimoja tu, isiwe hiki. Tangawizi ilinituliza kidogo, nadhani, au pengine ni kule kuwa na kitu cha kutafuna. Tufaha la kijani na biskuti kavu, ambavyo wahudumu walileta chumbani bila kuombwa, vilikuwa chakula pekee nilichoweza kukitazama. Kwa hilo wahudumu wale nawapa alama zote.

Vidonge vya kawaida vya kulevywa na mwendo, vile vya dimenhidrineti, meklizini au sinarizini, vinafanya kazi ukivimeza mapema. Tatizo ni kwamba kichefuchefu kikishaanza tumbo linasimamisha shughuli. Kidonge kinakaa pale pale kikisubiri kutolewa na wimbi linalofuata. Changu nilikimeza saa tano usiku, na saa tano na dakika kumi nilikiona tena.

Mchana wa siku ya tatu nilijikokota mpaka kliniki ya meli. Muuguzi hakuniuliza kwanza kuhusu mawimbi. Aliniuliza kama nimeharisha, kama nina homa, na nilikula wapi. Nilikasirika kidogo, meli nzima inayumba na wewe unaniuliza habari za choo! Baadaye nilielewa. Virusi vya noro, vile vya kutapika na kuharisha, huenea haraka sana melini, na anayetapika kwa virusi inabidi atengwe chumbani asiambukize wengine. Nilipomridhisha kwamba ugonjwa wangu ni bahari tu, nilichomwa sindano ya promethazini. Nililala karibu saa kumi mfululizo. Nilipoamka ulimi ulikuwa kama kitambaa, kichwa kizito, lakini tumbo limekaa mahali pake. Meli pia ilikuwa imetulia, tulishauacha upepo nyuma, kwa hiyo sitaipa sindano sifa zote. Halafu mwili huzoea. Kwa watu wengi siku mbili tatu zinatosha sikio kujifunza, na kuanzia siku ya nne nilikula kama wengine.

Mtu mwenye busara angeishia hapo. Mwaka uliofuata dada alitaka kurudi, meli ile ile, njia ile ile. Nilikubali kwa sharti moja: chumba nachagua mimi.

Wazee wa pwani wana methali, kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Huitumia kumwambia mtu kwamba hata atange vipi, nyumbani ndiko atakakorudi. Mimi niliichukua kama ilivyo, kama maelekezo ya chumba. Ngama ni tumbo la chombo, chini kabisa ndani. Chukua rula, ishike katikati kwa vidole viwili uichezeshe: ncha zinasafiri, katikati haiendi mahali. Ndivyo meli inavyofanya ikipigana na mawimbi ya mbele. Na kadiri unavyopanda juu ndivyo kulala ubavuni kunavyokutupa mbali zaidi. Kwa hiyo niliangalia ramani ya sitaha, nikatafuta chumba cha chini kilichokuwa karibu na katikati iwezekanavyo. Kilikuwa sitaha ya 4, cha ndani, hakina dirisha, na ni cha bei ya chini kuliko karibu vyote. Wakala, yule yule, aliniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Safari hii nilibandika pia plasta ya skopolamini nyuma ya sikio. Ni kiduara kidogo kinachoachia dawa polepole kwa siku tatu, na inabidi kibandikwe angalau saa nne kabla ya kuhitajika. Katika nchi nyingi hupati bila cheti cha daktari, na ni haki. Haifai kwa watoto, wenye glakoma wanaweza kudhurika, na wazee wengine huchanganyikiwa. Kwangu ilifanya kazi, ila mdomo ulikauka na maandishi madogo yakawa ukungu. Halafu nikafanya ujinga ambao karatasi ya maelekezo imeukataza kwa herufi nzito: niligusa plasta, kisha nikafikicha jicho la kulia. Jioni dada yangu alinitazama mezani akaweka uma chini. "Mdogo wangu, hebu tazama kwenye taa. Jicho lako moja limekuwa jeusi lote." Mboni ya kulia ilikuwa imetanuka, ya kushoto kawaida. Tulienda kliniki mbio, muuguzi akaangalia nyuma ya sikio langu kabla hata ya kuangalia jicho, akatabasamu. Ilirudi yenyewe baada ya siku moja na kitu. Nawa mikono, kila mara.

Na Biscay? Ilichafuka tena, ingawa si kama mara ya kwanza. Nahodha alitaja upepo wa 7. Hapo utasema labda ni bahari iliyokuwa nafuu, au plasta, na chumba hakikuchangia kitu. Nami nilijiuliza hivyo, mpaka usiku nilipokwenda kuangalia onyesho. Ukumbi wa maonyesho kwenye meli ile, kama kwenye nyingi, uko omoni. Nimeketi dakika kumi na tano, plasta iko sikioni, na yale mate yakaanza. Mchezaji mmoja aliruka juu, sakafu ikamfuata, akatua mapema kuliko alivyotarajia. Alicheka, lakini mimi nilishasimama. Nikashuka ngazi mpaka sitaha ya 4, nikalala chali gizani na macho nimeyafumba. Kitanda kilikuwa kinapumua tu. Viangio vya nguo havikulia. Meli ile ile, saa ile ile, dawa ile ile.

Chumba chenyewe si pepo. Giza lake ni la kaburini, unaamka hujui ni saa tisa usiku au saa tatu asubuhi. Bandarini unasikia mlango wa abiria ukifunguliwa alfajiri na vyuma vikiburutwa. Na ukianza kulewa hakuna upeo wa macho wa kutazama, jambo ambalo ni dawa ya kweli: kusimama nje, katikati ya meli, macho kwenye ule mstari ambapo bahari na mbingu zinakutana, ili macho na sikio wakubaliane. Ningepewa nafasi tena ningechukua sitaha hiyo hiyo, katikati hapo hapo, ila chenye dirisha. Ule usiku wa mawimbi nilikuwa napanda mara kwa mara hadi sitaha ya matembezi, navuta hewa baridi dakika ishirini, kisha narudi chini. Tuliofanya hivyo tulianza kufahamiana kwa nyuso.

Kitu ambacho sikutarajia ni nchi kavu. Siku mbili baada ya kushuka, kila nilipofumba macho kunawa uso, sakafu ya bafu iliniinua. Hilo ni jambo la kawaida, sikio limezoea bahari na linachelewa kupata habari kwamba safari imekwisha. Likiendelea zaidi ya mwezi ndipo uone daktari.

Alama zangu: wahudumu tano juu ya tano, kliniki nne, chumba cha sitaha ya 4 nne, chumba cha sitaha ya 11 moja, na hiyo moja ni ya roshani siku ya mwisho jua lilipotoka. Dada yangu tayari anaulizia safari ijayo, na anataka roshani yake ya omo. Nimemwambia achukue. Nitakuwa namtembelea mchana, meli ikiwa imefungwa gatini.