Ukichunguzwa kazini: uache kazi mapema au ubaki mpaka uchunguzi uishe?
Kama unahudumia wazee kwenye makao na umeambiwa kuna tuhuma juu yako, wazo la kwanza ni kuandika barua ya kuacha kazi uondoke zako, naelewa kabisa, manake usiku hulali. Kuacha kunakupa pumzi, basi. Uchunguzi unaweza kuendelea bila wewe, kwenye faili maelezo yako hayamo, na kwenye kazi hizi bosi mpya anaweza kuuliza pale ulitokaje.

Kubaki kunauma zaidi, wenzako wanakukwepa, simu kimya, ila unapata nafasi ya kujibu, na kusimamishwa kwa muda sio hukumu. Omba tuhuma kwa maandishi, uliza kama unaweza kuja na mtu wa chama cha wafanyakazi, halafu kaa chini uandike ile shifti saa kwa saa: nani alikuwepo, mzee ulimgeuza saa ngapi, dawa alisaini nani. Daftari la shifti usiliguse kurekebisha kitu, hata kosa dogo, hiyo inakuwa kesi nyingine kabisa.

Mimi ningebaki. Ila kama afya imeanza kuyumba, muone daktari na uongee na chama kabla hujasaini chochote.