Beji ya Paka Felix "ya Vita ya Pili": Tuizimie Taa Tuone

Wadau, habari zenu. Leo salamu fupi, nimeudhika. Hebu iangalieni hii beji ya kitambaa: Felix, yule paka mweusi wa katuni, amebeba bomu lenye utambi unaowaka. Tangazo la muuzaji lilisema "orijino, Vita ya Pili ya Dunia, imetoka kwenye jaketi la rubani wa jeshi la majini la Marekani". Rangi imefifia, pembeni pamechakaa, hadi harufu ya sanduku la zamani wameiweka. Kwa macho tu inavutia, sikatai.

Vipimo viko kwenye skrini, sitavisoma. Mimi nataka jambo moja tu leo. Kijana, zima taa. Funga na pazia. Haya.

Hii ni tochi ya urujuanimno (UV), nanomita 365. Zile za kukagulia noti feki zinasaidia pia, lakini nyingi ni za 395, zinamwaga zambarau mpaka huoni kitu. Kwanza namulika beji yangu nyingine, hii ya sufu nzito, ya wakati wa vita kweli. Mnaona? Imelala. Uzi wa pamba na rayoni wa miaka ile, giza tupu, labda kanyota kamoja ka vumbi hapo juu. Sasa nahamia kwa Felix. Moja, mbili... Wee! Macho yanawaka, meno yanawaka, cheche za utambi zinawaka buluu kama taa za harusi. Sogea karibu na kamera. Karibu zaidi. Angalia mwanga unavyofuata mshono, uzi kwa uzi, halafu kitambaa cha chini hakina habari.

Hapo ndipo pa kusimama, kwa sababu kuna wataalamu wa kukurupuka. Beji halali inaweza kuwaka kama mjane au mtoto wa rubani aliifua na sabuni ya unga ya siku hizi, maana sabuni hizo zina kemikali ya kung'arisha weupe. Ila mwanga wa sabuni hutapakaa ovyo, unashika uzi na kitambaa pamoja. Huu wa leo umekaa ndani ya uzi mweupe peke yake. Uzi ulitoka kiwandani na kemikali hiyo, si uzi wa wakati wa vita.

Washa taa. Geuza nyuma. Nyuma ni safi mno, mishono imepangwa kama imehesabiwa na kompyuta, na pembeni imepigwa ule ukingo mnene wa kuzungushia, fundi cherehani wa mtaani angekwambia ovaloki. Beji za vitani nyingi zilikatwa tu kwa mkasi pembeni. Nimechomoa nyuzi moja huku nyuma, naichoma na kiberiti: tazama, imejikunja, imekuwa kidonge kigumu cheusi. Poliesta hiyo. Pamba ingeacha majivu laini. Poliesta iligunduliwa Uingereza mwaka 1941, lakini madukani ilifika baada ya vita. Rubani wa 1943 angeitoa wapi? Na tafadhali, msichome upande wa mbele wa beji, chomeni uzi uliolegea nyuma.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wamemchezea Felix. Huyu paka alikuwa nembo ya marubani wa majini tangu mwishoni mwa miaka ya 1920. VF-3, kikosi cha ndege za kivita kilichovaa Felix, ndicho alichokuwamo rubani Butch O'Hare, yule aliyeziingilia ndege za Japani zilizokuwa zikiifuata meli ya Lexington tarehe 20 Februari 1942, akapewa Medal of Honor, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Marekani. Uwanja wa ndege wa O'Hare kule Chicago ni jina lake. Julai 1943 VF-3 na VF-6 wakabadilishana namba, na ugomvi ukaanza: paka ni wa nani, wa namba au wa watu? Kesi hiyo ilimalizwa vita vikiwa vimekwisha. Leo Felix yuko na kikosi cha VFA-31.

Na nyie mnaoandika kwenye maoni kwamba Felix ni wa Disney, hapana. Ametoka studio ya Pat Sullivan. Disney walichora nembo kama 1,200 za vikosi wakati wa vita, bila kutoza hela, na Donald Duck ndiye aliyependwa kuliko wote. Kuna jamaa wa chaneli nyingine anazipa beji alama kumi kwa kumi zikiwa bado ndani ya nailoni. Sina neno naye. Anunue tochi.

Bei sasa. Kama kopi, dola 15 ni sawa, hata 20. Muuzaji alitaka mamia. Kwa mamia nataka uzi usiowaka, na nataka karatasi za mwenye jaketi: jina, kikosi, picha. Tena msijidanganye, beji isiyowaka haijawa halali kwa hilo tu, wajanja wameshajua kutafuta uzi wa pamba wa zamani. Tochi inakamata wavivu.

Alama: tatu kwa kumi, zote tatu za mchoro. Hela naidai irudi, nitawapa majibu kwenye mubashara. Video ijayo ni beji za ngozi zilizopakwa rangi kwa mkono, huko tochi haitoshi, tutaangalia nyufa za rangi.

La mwisho, watu wa Pwani. Mwaka 1942 Waingereza walileta kundi lao la manowari Kilindini, na ndege zao zikawa na vituo vya nchi kavu vilivyopewa majina kama ya meli: HMS Kipanga Mombasa, HMS Korongo Nairobi, HMS Kilele Tanga. Kama babu yako alifanya kazi huko na kwenye kabati kuna kifungo, kofia au picha, usiuze kwa mtu wa kwanza anayepiga simu. Nitumie picha ya mbele na ya nyuma. Ya nyuma hasa.