L'Isle-sur-la-Sorgue: samani za kale kwa jicho la seremala wa Dodoma

Ukijikuta kusini mwa Ufaransa, panda treni Avignon uende L'Isle-sur-la-Sorgue siku ya Jumapili. Ni karibu nusu saa tu. Mto Sorgue unakatiza mjini, na magurudumu ya maji yaliyoota ukoga bado yanazunguka. Watalii wengi huganda hapo wakipiga picha. Mimi nina karakana ya useremala Chang'ombe, Dodoma, nikanyoosha kwenye makabati.

Wauzaji wa samani za kale ni wengi mno. Tafuta kabati la nguo la mbao ya mti wa jozi (walnut) la karne ya 18, omba ufunguliwe, kisha chungulia kwenye kona. Msumari hakuna. Ulimi wa ubao mmoja umezama kwenye tundu la mwenzake na kijiti cha mbao kimepigiliwa kuvibana vyote viwili. Ving'oe vijiti, kabati lote linalala vipandevipande, unalipandisha ngazi nyembamba na kuliunganisha upya huko juu. Bao la mlango nalo limeachwa huru ndani ya mfereji wa fremu yake, bila gundi, lipate kutanuka na kusinyaa. Ndiyo maana limestahimili mistral, upepo mkavu wa kule. Sisi Dodoma tunagandisha gundi pande zote nne, kipupwe kikifika mlango unapasuka, lawama anapewa muuza mbao.

Kilichoniteka zaidi ni panetière, kitunza mkate cha kutundika ukutani, chenye nguzo ndogondogo zilizokerezwa. Hewa inapita, panya hapiti. Kazi ni ileile ya kabati la wavu la bibi yangu kule Kongwa, ila hapa wamenakshi masuke ya ngano na maua. Ufundi wote huo kwa ajili ya mkate!

Tahadhari: si kila kinachoitwa cha kale ni cha kale. Tazama mgongoni. Ukiona mikwaruzo ya duara, huo ni msumeno wa mashine, ya karne ya 18 usikubali. Muuzaji mmoja alinuna nilipoomba kugeuza droo; jirani yake aliniletea tochi mwenyewe. Katikati ya wiki usihangaike, maduka mengi yamefungwa. Pasaka na katikati ya Agosti kuna maonyesho makubwa, bidhaa tele, msongamano pia.

Kabati sikuthubutu, nauli ya meli ingenimaliza. Nilinunua komeo la chuma na ufunguo wake. Panetière niliichora na vipimo vyake, ya kwanza naiunda kwa mninga. Mteja wa Area D ameshaiwekea oda, anataka ya vitunguu.