Panga, Mora na Opinel: visu ninavyobeba porini

Ukiwa na panga lililonolewa vizuri, kisu cha kiunoni hakina haja ya kuwa kinene. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Wanaangalia video za watu wa Ulaya na Marekani, ambao wengi wao huingia msituni bila panga, kisha wananunua jisu la milimita 6 lenye meno ya msumeno mgongoni. Jisu hilo halifyeki kama panga, na kitunguu linakipasua badala ya kukikata. Meno yale ya mgongoni nayo hayakati mti. Yanachokata ni dole gumba lako, pale unapokandamiza mgongo wa kisu ukichonga.

Kwa siku mbili au tatu, iwe kwenye misitu ya Usambara au nyika ya migunga, nabeba vitatu: panga, Morakniv Companion (ndiyo Mora, kisu cha Sweden kisichokunjwa), na Opinel namba 8, kisu cha kukunja cha Ufaransa. Ukivipima pamoja havifiki kilo moja.

Tuanze na panga, maana ndilo lenye kazi kubwa na ndilo linalonunuliwa kwa haraka kuliko vyote. Tramontina ya Brazili na Martindale lenye chapa ya mamba yote ni mazuri. Ninachoangalia ni urefu kwanza: inchi 14 hadi 16. La inchi 18 au zaidi linapendeza kwenye majani marefu, ila kwenye vichaka vilivyobanana linanasa kila ukilirudisha nyuma. Ukiwa dukani, egemeza ncha kwenye ubao, kandamiza hadi bapa lipinde kidogo, kisha achia. Chuma kizuri kinanyooka chenyewe, kibaya kinabaki kimepinda. Halafu shika mpini kwa mkono mmoja na bapa kwa mwingine, tikisa. Ribiti zikicheza hata kidogo, rudisha.

Panga jipya huwa butu, au lina makali yaliyopitishwa kwenye mashine harakaharaka. Lifunge kwenye meza kwa klampu, makali yakitazama nje, uchukue tupa bapa ya inchi 10. Sukuma kuelekea makali, na unaporudi inua tupa. Ukiiburuza kinyume unaua meno yake na panga halipati kitu. Inamisha tupa kiasi cha nyuzi 20 hadi 25 kila upande. Ukipunguza sana, makali yanakunjika kwenye fundo la kwanza la mgunga. Noa upande mmoja mpaka uhisi kwa kidole kijiukingo cha chuma kimejikunja upande wa pili, ndipo ugeuze. Malizia kwa msasa namba 400 uliobandikwa kwenye kibao. Sentimita 5 za karibu na mpini naziacha butu makusudi: hapo ndipo kidole cha shahada kinapokaa ninapolishika kwa karibu kuchonga vigingi.

Mpini wa plastiki unateleza ukishaloa jasho. Kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, uvute kwa nguvu, uuzungushe kuanzia nyuma kwenda mbele. Ala mara nyingi huuziwi, basi pasua kipande cha mpira wa kumwagilia bustani kwa urefu, kivike kwenye makali na ufunge kamba sehemu mbili. Haipendezi, lakini begi halichaniki.

Sasa Mora. Bapa lake ni milimita 104, unene 2.5, na pamoja na ala hakifiki gramu 150. Ipo ya chuma kisichoshika kutu na ya chuma cha kaboni. Ya kaboni inanoleka haraka zaidi, lakini kwa mtu wa Tanga, Mombasa au Unguja naona ni kujitafutia kazi: hewa ya chumvi, ndimu na embe bichi vinatosha kuiachia madoa usiku mmoja. Nachukua isiyoshika kutu. Anayeng'ang'ania kaboni aipake mafuta ya nazi kiasi cha kung'aa tu, kila inapooshwa.

Uzuri wake uko kwenye makali: mteremko mmoja mpana kila upande, kuanzia kati ya bapa hadi kwenye ukingo. Unaulaza wote juu ya jiwe la kunolea, unasikia umetulia, unasukuma. Pembe huitafuti, kisu kinakuonyesha chenyewe. Kasoro ni kwamba ukingo huo ni mwembamba sana kwa miti yetu. Kwenye mgunga mkavu utaona vipengele vidogo vinameremeta ukielekeza makali kwenye mwanga. Dawa ni kuinua kisu kidogo tu mwishoni mwa kunoa na kupitisha mara mbili au tatu kila upande bila kukandamiza. Ukifanya zaidi ya hapo umeanza kuharibu mteremko.

Kuna mawili ya kujua kabla ya kulipa. Kwanza, msuka, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini, haufiki mwisho. Kupasua vijiti vya kuwashia moto inaweza, kukitumia kama mtaimbo usithubutu. Pili, mgongo wake una kingo za mviringo, kwa hiyo hautoi cheche nzuri kwenye kijiti cha cheche, yaani kile cha chuma kinachokwaruzwa ili kuwasha moto. Usaidie kwa tupa: piga mgongo huku tupa imelala bapa kabisa, sentimita 3 tu za kati, mpaka kingo ziwe za pembe mraba. Wanaotaka msuka kamili kuna Garberg ya kampuni hiyohiyo, ya milimita 3.2 na mgongo wenye kingo kali, ila bei yake inapanda mara kadhaa. Mwenye panga sioni ailipie ya nini.

Ukipasua kwa Mora, kuni isizidi unene wa sentimita 7, ili ncha ibaki nje sentimita 3 za kugongea. Gonga kwa kipande cha mti, kamwe si jiwe. Mkaratusi mkavu nyuzi zake zimejisokota. Usiuanze katikati, banjua pembeni vipande vyembamba kwanza. Kisu kikinasa, usikitingishe kushoto na kulia. Geuza kuni nzima juu chini na ugonge mgongo wa kuni.

Opinel namba 8 ni ya chakula tu, na kwa chakula haina mpinzani. Bapa jembamba la sentimita 8.5 linakata nyanya bila kuiminya na linaparua samaki vizuri. Pete ya kufungia bapa, iliyoongezwa mwaka 1955, izungushe kila unapofungua, na pia unapoikunja kama ni toleo la sasa. Tatizo ni mpini wa mti: ukiloa unavimba na bapa halitoki. Usilivute kwa kucha. Hakikisha pete iko wazi, kisha gonga kisigino cha mpini kwenye gogo, upande wa nyuma, na bapa litachomoza lenyewe. Kabla ya matumizi ya kwanza paka mafuta kwenye ufa wa mpini na uache hadi kesho yake.

Jambo la usalama ninalolisisitiza kwa anayeanza: usichonge juu ya paja. Kuna mshipa mkubwa wa damu pale, na kliniki iko mbali. Piga goti moja, weka kazi nje ya goti.

Ukiwa unaingia hifadhi ya taifa, panga liache kwenye gari. Kule hukati mti, na kuni utakuja nazo zimeshapasuliwa. Mora na Opinel zinatosha.